Ukumbi Haujazwi na Bango

Shule ya upili ya wavulana ya Kanyakine, kule Imenti Kusini, ni ya bweni. Kama ilivyo katika shule za bweni kote Kenya, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Anayetaka kuwajulisha wenzake jambo katika shule ya namna hiyo ana njia chache: paredi ya asubuhi, ubao wa matangazo, bwalo wakati wa chakula cha jioni, na midomo ya watu. Lakini jaribu kuandaa mjadala utakaohudhuriwa na shule ya wasichana iliyo jirani. Kabla mwalimu wa zamu hajatangaza, shule nzima imeshajua nani anakuja, saa ngapi, na nani ameazima viatu vya nani.

Mwaka unaofuata, kijana huyohuyo yuko chuo kikuu, Nchiru au Ndagani. Simu anayo, makundi ya WhatsApp hajui hata idadi yake, na mhadhara wa mtu mashuhuri umefanyika karibu na chumba chake naye asijue. Au amejua, akapuuza. Wanaoandaa shughuli za vyuoni hukimbilia sababu ya kwanza, ya kutojua, kwa kuwa dawa yake ni rahisi: bango kubwa zaidi, spika kali zaidi, kichekesho cha kushtua. Sababu ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayoacha viti vitupu.

Tuitazame ramani kwanza. Anayetoka Kanyakine akielekea kaskazini hufika mji wa Meru, ambako Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, KeMU, kina kampasi yake kuu. Hati ya kuwa chuo kikuu kamili kilipata mwaka 2006. Akishika barabara ya Maua atakuta Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru, palepale penye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Akielekea kusini atakuta Chuka, kisha Embu. Meru na Chuka vilipata hati zao mwaka 2013, Embu mwaka 2016. Ni vyuo vichanga, na vimeota kando ya masoko ya mashambani. Vitanda vya hosteli havikuongezeka kwa kasi ya idadi ya wanafunzi, kwa hiyo sehemu kubwa yao wamepanga vyumba nje ya ua. Maisha ya jioni ya mwanafunzi wa Chuka yako Ndagani, baina ya duka la kutoa nakala, kibanda cha chapati na kituo cha bodaboda. Ubao wa matangazo uko ndani ya lango, karibu na ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na wanaoupitia zaidi ni wahadhiri.

Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini bango zuri hushindwa. Tena si zuri kiasi hicho. Mabango mengi ya vyuoni siku hizi hutengenezwa kwa programu ileile ya simu, kwa violezo vilevile: rangi ya zambarau ikiyeyukia nyeusi, picha za wageni zikiwa ndani ya miduara, nembo nne za wafadhili chini, na kaulimbiu ya Kiingereza ambayo hakuna mtu angeitamka mbele ya rafiki yake. Mwaka 1933 mwanasaikolojia Hedwig von Restorff, akiwa Berlin, alionyesha kwamba katika orodha ya vitu vinavyofanana, kinachokumbukwa ni kile kilicho tofauti. Kwenye ubao uliojaa zambarau, kitakachoonekana ni karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa mkono, yenye swali moja na saa. Nimeona karatasi ya aina hiyo ikisomwa na watu waliosimama. Mabango ya rangi husomwa na watu wanaotembea. Pengine waandaaji wengi hawapendi karatasi ya mkono kwa sababu haifai kutumwa kwa mfadhili kama ushahidi wa kazi.

Mahali pa kubandika ni muhimu kuliko urembo. Mtu husoma anaposubiri: kwenye foleni ya kutoa nakala, mlangoni pa choo, penye mfereji wa maji, kando ya jiko la mama wa chapati, ndani ya matatu inayongoja kujaa. Mama wa chapati akikubali karatasi yako ikae ukutani kwake, ataulizwa habari yake mara kadhaa kwa siku, naye atajibu apendavyo. Kumweleza vizuri ni kazi ya dakika tano, lakini ni nadra waandaaji kumtembelea.

Kuna pia njia ya kelele. Watu wa Imenti wanalijua gari la vipaza sauti tangu zamani: huja na siasa, huja na mikutano ya injili, huja na mnada. Chuoni hukodiwa kwa ajili ya kampeni na usiku wa muziki. Linafikisha habari, sina ubishi. Lakini huwaarifu watu kwa namna ambayo haimdai mtu jibu. Isitoshe, kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zipo, na mhadhiri anayefundisha dirisha likiwa wazi hahitaji kanuni ili akasirike.

Redio nayo ina mahali pake, ila si pale inapotumiwa. Muuga FM na Meru FM hutangaza kwa Kimeru, Wimwaro FM huko Embu kwa Kiembu, na wasikilizaji wao ni wazazi, wachuuzi, madereva na wachuma chai. Siku ya wazi ya chuo, kambi ya matibabu ya bure au maonyesho ya mbegu yatapata watu kwa njia hiyo. Usiku wa mashairi hautapata. Mwanafunzi akisikia shughuli yake ikitangazwa baina ya matangazo ya vifo na bei ya maziwa, huiona kuwa ya mama yake.

Sasa tufike kwenye mizaha ya kushtua, ambayo ndiyo hupendwa na kila kamati mpya: watu wanaojifanya wanapigana katikati ya bwalo kumbe ni waigizaji, jeneza linalobebwa kwenye uwanja wa chuo kutangaza mjadala, mtu aliyefunikwa uso anayempeleka msichana mbio kisha kumgeukia na kusoma shairi. Kweli huvuta macho. Ila sisi Kenya tuna sababu ya kuiogopa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi. Wengi walidhani ni shambulio la kweli. Walikimbia, wakaruka madirishani, na mfanyakazi mmoja wa chuo akafa. Lile halikuwa tangazo la shughuli yoyote, lakini linatuonyesha mpaka uko wapi. Milio ya bunduki, utekaji wa bandia, moshi na mayowe si mchezo mbele ya vijana waliokua wakisikia habari za Garissa na ambao, tangu maandamano ya 2024, wamesikia pia habari za wenzao waliotoweka. Kwa maoni yangu, mzaha wa hofu upigwe marufuku na kamati yenyewe kabla ya chuo kufikia hapo.

Mzaha wa kustaajabisha ni jambo jingine. Kwaya ikianza kuimba ghafla kwenye foleni ya chakula, mtu mmoja, kisha watatu, kisha kumi, hakuna anayekimbia. Kiti kimoja cha mbao kikiwekwa katikati ya njia ya kwenda madarasani, siku tatu mfululizo, kila siku na neno moja la nyongeza, watu wataanza kukisia. Uzuri wake ni kwamba humwachia mtazamaji kazi ya kufanya.

Na kuna marufuku. Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la maigizo ya shule na vyuo lililofanyika Nakuru, mchezo wa shule ya wasichana ya Butere, *Echoes of War*, ulizuiwa, mahakama ikaamuru uruhusiwe, polisi wakarusha vitoa machozi, na tarehe 10 wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Baada ya siku mbili mchezo ambao ungetazamwa na ukumbi mmoja ulikuwa unazungumzwa hadi vijiweni. Serikali haijawahi kumtengenezea mtunzi tangazo la bei rahisi kama lile. Haifai, hata hivyo, kuifanya marufuku kuwa mbinu. Walioilipia ni wasichana wa shule.

Mpaka hapa tumezungumzia macho. Tatizo la viti huanzia baada ya macho. Mwanafunzi aliyeliona bango, akalielewa, akalipenda, anajiuliza swali moja tu: nitakwenda na nani? Mwaka 1978 mwanasosholojia Mark Granovetter alilieleza jambo hili kwa mfano wa watu mia. Kila mmoja ana idadi yake ya wenzake anaotaka kuwaona wameanza kabla naye hajaanza. Wa kwanza hahitaji yeyote, wa pili anahitaji mmoja, wa tatu wawili, na kuendelea. Wote mia wataingia, mmoja baada ya mwingine. Mwondoe yule anayehitaji mmoja, mweke anayehitaji wawili, na mnyororo unakatika hapohapo: anabaki yule wa kwanza peke yake. Makundi mawili yanakaribia kufanana kabisa, matokeo ni mbingu na ardhi.

Hesabu hiyo inaeleza mambo mengi ya Nchiru. Inaeleza kwa nini kamati yenye busara huchagua ukumbi mdogo utakaojaa hadi watu wasimame mlangoni, badala ya ukumbi mkubwa utakaoonyesha mapengo. Inaeleza pia kwa nini ujumbe uliotumwa kwenye kundi la watu mia tatu huwa kama haukutumwa, ilhali mwakilishi wa darasa akiwaambia wanne anaokaa nao, "twende, nimewawekea nafasi," watano huenda. Sheria ya vyuo vikuu iliyorekebishwa mwaka 2016 ilileta uchaguzi wa wajumbe: wanafunzi huchagua wajumbe wao, na wajumbe ndio huchagua viongozi. Makomredi wengi waliichukia kwa kuwa ilipunguza kura ya moja kwa moja. Lakini iliacha katika kila kitivo watu wanaojulikana kwa majina, wenye mazoea ya kuwazungukia wenzao chumba kwa chumba. Kamati ya utamaduni au ya sayansi inayowapita watu hao ili kulipia tangazo la Instagram inajinyima.

Wanaoielewa hesabu hii kuliko wote, bila hata kuisoma, ni vyama vya Wakristo vyuoni. Siku ya usajili wa wanafunzi wapya, mzazi anashuka kwenye matatu akiwa na sanduku la chuma, godoro na mtoto aliyechanganyikiwa. Anayekuja kulibeba sanduku ni mwanachama. Humwonyesha fresha ofisi ya karo, humtafutia chumba Ndagani, humpa namba ya simu. Ijumaa jioni humpitia. Fresha haendi kwenye ibada kwa sababu ya bango. Anakwenda kwa sababu ana deni la shukrani, na ana mtu wa kukaa naye. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu mahubiri, lakini utaratibu huo unastahili kuigwa na klabu ya falaki, ya mdahalo na ya kuchangia damu.

Bado hapa kuna kasoro: kubeba sanduku humleta mtu mara ya kwanza, hakumrudishi. Kinachomrudisha nadhani tulikwisha kufundishwa, tena si mbali. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji pamoja na waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa mchezo wa *Ngaahika Ndeenda*. Walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Mazoezi yalifanyika hadharani, na aliyepita njiani aliweza kusimama, kutazama, kucheka, kumsahihisha mwigizaji aliyekosea namna mfanyakazi wa shamba anavyozungumza au wimbo unavyoimbwa. Mchezo ulipofunguliwa Oktoba mwaka huo haukuwa na haja ya kutangazwa. Watu walikuja kutazama kitu ambacho wao wenyewe walikuwa wamekitia mkono. Novemba serikali ilifuta kibali, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini.

Mwaka 1982 kundi hilohilo lilinyimwa Ukumbi wa Kitaifa jijini Nairobi kwa ajili ya mchezo wa muziki, *Maitũ Njugĩra*. Likahamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi. Mazoezi, si onyesho. Maelfu ya watu walifurika chuoni kutazama waigizaji wakijifunza, mpaka nako wakazuiwa. Mtu yeyote anayelalamika kwamba wanafunzi wa Kenya hawapendi tamthilia aanze na tukio hilo: yalikuwa mazoezi tu, na nafasi za kukaa zilikwisha.

Basi tangazo linalofanya kazi, kwa jinsi ninavyolielewa jambo hili, ni maandalizi yenyewe yakifanywa mahali pa wazi na yakiwa na nafasi ya mtu kujitia. Tazama wiki ya utamaduni katika vyuo vyetu. Hujaa. Wenye haraka husema ni kwa sababu vijana wanapenda ngoma. Lakini wiki nne kabla, wasichana wa Kimeru, wa Kimbeere, wa Kiluhya na wa Kisomali wamekuwa wakifanya mazoezi nyuma ya madarasa, wameazima shanga, wamempigia nyanya simu kumuuliza maneno ya wimbo, wamegombana juu ya nani asimame mbele. Kila mchezaji ana marafiki sita wanaokuja kumshangilia au kumcheka. Ijumaa moja palikuwa na mhadhara kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na aliyehusika katika maandalizi yake alikuwa katibu mmoja na kompyuta yake. Ulipata viti vitupu, na katibu akawalaumu wenzake kwa kutojali mazingira.

Mhadhara ule ungeweza kuandaliwa kwa namna nyingine. Wanafunzi wa kilimo wa Embu wangeombwa kuleta, wiki moja kabla, mbegu moja ambayo nyumbani kwao haipandwi tena, na kuiweka kwenye meza iliyo wazi karibu na lango, kila mbegu na kijikaratasi chenye kijiji na jina la mwenye shamba aliyekubali kutajwa. Meza hiyo ingekuwa tangazo kwa siku tano, na mgeni angeambiwa aanzie mezani anapozungumza. Klabu ya uhandisi yenye mashine inayogoma kufanya kazi ingeitengeneza nje, chini ya mti, na watu wakashuhudia ikigoma. Sidhani kuna njia bora zaidi ya kumleta mtu siku ya maonyesho kuliko kumwachia wasiwasi kwamba pengine mashine itagoma tena.

Juni 2024 ilituonyesha jambo hili kwa ukubwa ambao hakuna kamati ya chuo itakayoufikia. Vijana walioupinga Mswada wa Fedha hawakuwa na ofisi ya mabango. Kila mmoja alitengeneza lake, wengine waliutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, wengine waliusoma kwa sauti TikTok, na tarehe 25 walikuwa barabarani katika miji mingi nchini, Meru ikiwemo. Hoja hapa si siasa. Maelfu ya mabango mabaya yaliyotengenezwa na watu wenyewe yalishinda lolote ambalo msanifu mmoja angelitengeneza, kwa kuwa aliyetengeneza bango alikuwa ameshajiahidi kwenda.

Ukiwaingiza watu wengi hivyo, picha zao zitasambaa, na hapo pana sheria. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi milioni 1.85 baa moja ya Nairobi iliyochapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja milioni 4.55 kwa picha za watoto. Klabu ya chuo haina fedha hizo. Mwulize mtu kabla ya kumweka kwenye bango. Akikubali, tayari umepata mhudhuriaji na marafiki zake.

Mambo ya wakati na chakula nitayapita haraka, ingawa huharibu mipango mingi. Mwanafunzi aliyetoka Kanyakine akiwa Chuka au Nchiru yuko nauli moja au mbili tu kutoka nyumbani. Ijumaa alasiri anaondoka kwenda kula chakula cha mamaye na kurudi Jumapili na viazi. Shughuli ya Jumamosi humpoteza, na hubaki na waliotoka Kisumu na Mombasa. Alasiri ya katikati ya wiki ni bora. Mkopo wa masomo wa HELB ukiingia, kila kiingilio hulipika kwa wiki mbili. Baada ya hapo hata shilingi hamsini ni mjadala. Na mwanafunzi mwenye njaa atakuja pale penye chai na mandazi, atakula, ataondoka. Chakula kiletwe mwisho, au kisiletwe kabisa.

Wasanii na wachekeshaji wanaokodiwa hujaza uwanja, sikatai. Kampuni za simu zimekuwa zikifanya hivyo kwa vijana kwa miaka. Lakini mtu aliyemfuata mwanamuziki huondoka naye. Kuna mtindo wa kinyume uliotumiwa na shirika la PATH katika maigizo ya afya nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000: kundi lilelile, mahali palepale, siku ileile, saa ileile, kwa watazamaji walewale, kisa kikikatwa katikati ili waliopo waseme mhusika afanye nini. Mara ya kwanza wanakuja wachache. Hakuna anayewatangazia wa mara ya sita.

Wenye kuhitaji utaratibu huo wa kushirikishwa kuliko wengine ni hao vijana wa bweni tulioanza nao. Vyuo vinaweza kuwaalika wanafunzi kutoka Kanyakine na shule za jirani kwenye mijadala na maonyesho yao, si kama mapambo ya siku ya wazi, bali wakiwa na hoja yao ya kutetea au kifaa chao cha kuonyesha. Walimu huhitaji mwaliko mapema, basi na barua. Wakija, wanafunzi wa chuo waliosoma nao shule moja watakuja kuwaona, na hapo tayari ukumbi una watu themanini.

Shida inayobaki ni ya kumbukumbu. Kamati za vyuo hubadilika kila mwaka, na kila inayoingia huanza upya kwa bango la zambarau. Mlezi wa chama, ambaye ni mhadhiri na hahami, ndiye angeweza kushika daftari moja la kawaida: siku, saa, ukumbi, waliokuja, na safu moja ya nyongeza ambayo sijaiona kwenye ripoti yoyote, ya waliofanya kazi kabla ya siku yenyewe. Safu hiyo ikikaa karibu na ile ya waliokuja kwa miaka mitatu, kamati ya mwaka wa nne itajua fedha zake za mabango izipeleke wapi.